Wakwe Wawili na Msimamisha Nywele wa Makongeni

Makongeni, Thika, kuna wanawake wanaokwenda kwa daktari wakiwa hoi, na kuna wanaokwenda kwa Syombua nywele zao zikiwa hoi. Wa Syombua ndio hutoka wamepona.

Saluni yake imebanwa kati ya bucha na duka la mitungi ya gesi. Mchoraji aliyeitwa kuchora mwanamke ukutani aliambiwa nywele ziwe nyingi. Akatii. Alianza na uso mkubwa kupita kiasi, akafika kwenye nywele ukuta ukamwishia, naye kwa moyo wake wa bidii akaendelea hadi ukuta wa bucha. Mwenye bucha alifoka wiki nzima, kisha akaandika bei ya matumbo katikati ya nywele hizo, maisha yakaendelea.

Syombua mwenyewe alizaliwa upande wa Matuu, akaja Thika akiwa msichana kushona suruali kiwandani. Saa ya chakula wenzake walikula githeri huku yeye amesimama nyuma yao akiwachana. Kiwanda kilipopunguza watu, msimamizi aliwaambia kwa huzuni nyingi kwamba wao wote ni familia moja, halafu akawaonyesha lango. Syombua akatoka na kitana chake, na hajawahi kuwa na familia nyingine ya namna hiyo.

Kichwa chake amekinyoa kabisa. Mteja mgeni akimuuliza inakuwaje bingwa wa nywele hana nywele, humjibu, "Fundi wa meno hajing'oi." Kisha humkalisha na kumfanyia kile anachokijua kuliko mtu yeyote kati ya Thika na Ruiru. Huosha nywele, huzinyoosha kwa draya fungu kwa fungu, huzichana kinyume kutoka nchani kurudi kwenye shina mpaka zijae kama pamba, hupuliza spre, na pale zinapogoma huficha sponji chini yake ili zipate mahali pa kuegemea. Aliyeingia amenywea hutoka ameinama mlangoni asiguse kizingiti cha juu.

Sasa, Mumo, kijana wa Makongeni, alipata mchumba Ruiru anayeitwa Janice. Vijana hawa walipendana bila kelele yoyote. Kelele waliwaachia mama zao.

Mama yake Mumo ni Ndanu, muuza mitumba na mwimbaji wa kwaya ambaye hahitaji kipaza sauti na hupewa hata hivyo. Mama yake Janice ni Wakonyo, mwenye nyumba za kupangisha huko Ruiru, mwanamke ambaye wapangaji wakimsikia akikohoa langoni hukumbuka safari. Siku ya kupeleka mbuzi wa mahari, Wakonyo aliwazunguka wale mbuzi polepole, akauliza kwa upole, "Hawa walikuja kwa miguu?" Watu wa Ruiru walicheka. Ndanu hakucheka. Tangu hapo kila jambo la harusi likawa vita: rangi ya vitambaa, keki, nani atakaa upande gani wa hema. Vita vya mwisho vikapanda vichwani.

Ndanu alifika saluni Jumatatu.

"Syombua mwanangu, Jumamosi kwenye harusi nataka nywele zisimame. Zisimame kuliko za mtu yeyote atakayekaa pale mbele."

"Mtu gani, mama?"

"Mtu yeyote. Hata akiwa ametoka Ruiru."

Jumatano simu ikalia. Sauti ikasema imesikia kwamba kuna msichana Makongeni anayejua kuinua nywele, na kwamba Ruiru kuna saluni nyingi lakini wanainua bei tu. Kisha ikashuka. "Kuna mama mmoja huko kwenu anaimba kwaya. Sitaki anipite hata kwa kidole. Umenielewa?"

Syombua alielewa. Angeweza kukataa mmoja, lakini kukataa kungetaka maelezo, na maelezo yangefika kwa mwingine kabla maji ya chai hayajachemka. Akakubali wote wawili. Kwa hekima yake akaamua kuwafanya sawasawa. Huko duniani watu wamepewa magari yenye bendera kwa upatanishi mdogo kuliko huo.

Jumamosi, Ndanu aliingia kwa mlango wa mbele kukiwa hakujapambazuka vizuri, akatoka amebeba wingu jeusi. Alikuwa na nywele zake mwenyewe, nzito, zisizo na deni kwa mtu. Wakonyo akaja baadaye kwa teksi, akaingia kupitia uani kwa mwenye bucha. Hapo Syombua alipata kazi. Miaka ya kusukwa rasta za kukaza ilikuwa imekula nywele za mbele mpaka karibu na utosi. Akamshonea nywele za kuongezea, akajenga juu ya sponji kubwa, akafunika mpaka mtu asingeweza kujua.

"Na yule mwingine?" Wakonyo akauliza akijitazama kwenye kioo. "Umemfikisha wapi?"

"Mama, mimi namjua aliyekaa kwenye kiti tu."

"Jibu zuri. Ongeza kidogo."

Kila mmoja, kabla hajainuka, aliambiwa neno lile lile: asikaribie maji. Sherehe ingefanyika kwenye bustani za hoteli ya zamani pale kando ya Mto Chania, mvua ilikuwa imenyesha mwezi mzima, na maporomoko yalikuwa yanarusha manyunyu mpaka njiani. Kila mmoja alijibu, "Najua."

Kanisani walikaa, mmoja kulia mmoja kushoto, vichwa sambamba kama minara miwili ya simu. Waliokaa nyuma yao hawakumwona mchungaji, ila walimsikia, na hilo wengine walilihesabu kuwa baraka ya kutosha. Syombua, ambaye Janice alimwalika awe karibu kwa marekebisho, alipima kwa jicho kutoka kiti cha nyuma. Sawa kabisa. Akajisikia fahari ambayo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Baada ya ibada wakashuka Chania. Mpiga picha alikuwa Irshad, kijana mtaratibu wa mjini Thika, na alitaka maporomoko yaonekane nyuma ya familia. Akawapanga mbali na ukingo, mahali pakavu. Kisha akasema maneno ambayo mtu asiye na ubaya moyoni anaweza kuyasema: "Mama mmoja asogee kidogo, amemfunika mwenzake."

Hakusema yupi.

Ndanu akasogea nyuma hatua, kwenye jiwe lililoinuka kidogo. Wakonyo akaona jiwe, akatafuta la kwake, lililoinuka zaidi, na lilikuwa karibu zaidi na maji. Ndanu akalipita. Irshad akasema, "Basi, hapo panatosha," lakini nani alimwuliza? Wakashindana hivyo, wakitabasamu kwenye kamera, mpaka wakafika kwenye vyuma vya ukingo, manyunyu yakiwashukia kama baraka za askofu. Syombua alikuwa mezani na sahani ya pilau. Aliona. Akaweka kijiko chini, akaanza kukimbia.

Alichelewa. Nywele za Ndanu zilikuwa zinarudi zilikotoka. Zilinywea mbele ya wageni, kimya kimya, mpaka zikabaki kofia ndogo iliyobana. Za Wakonyo hazikunywea, kwa kuwa nyingi hazikuwa zake. Zilikunywa maji, zikalemewa, zikaanza kuinama kuelekea sikio la kushoto, na Wakonyo akainamisha shingo kuzifuata ili ionekane ni yeye ameamua.

"Ngai!" akasema Wakonyo, akimwita Mungu kwa Kikikuyu.

"Mwiai wakwa!" akasema Ndanu, akimwita kwa Kikamba, akijishika kichwa.

Syombua akawashika mikono, akawapeleka kwenye choo cha wanawake, akafunga mlango. Kulikuwa na kioo kimoja. Walisimama mbele yake bila kutazamana, na hapo ndipo sponji ya Wakonyo ilipokamilisha safari yake, ikaanguka kwenye sinki.

Ndanu akaiokota. Akaiminya. Maji yakatoka.

"Hii ni ya kuoshea vyombo?"

"Ni ya saluni!" Wakonyo akasema, akijifunika paji la uso kwa viganja. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na kwa mara ya kwanza Syombua alimwona jinsi alivyo, mama aliyekuwa akiogopa kuonekana mzee kwenye harusi ya mtoto wake. "Haya, cheka. Toka nje uwaambie wote."

Ndanu hakucheka. Alitazama lile paji, akatazama sponji, akavuta kitambaa mkononi mwake akampangusa mwenzake maji usoni. "Dada yangu mkubwa alikuwa hivyo," akasema. "Ni rasta. Anakazwa mtu mpaka macho yanakuwa ya Mchina."

Wakonyo akavuta kamasi. "Na wewe, zako zimeenda wapi? Asubuhi zilikuwa zinagusa taa za kanisa."

Hapo Ndanu akacheka. Wakonyo naye akajikuta anacheka. Walicheka mpaka wakashikana, na Syombua akatabasamu pembeni, moyo umemjaa, akifikiri kwamba hata kama nywele zimeanguka, kuna kitu kimesimama.

Kisha wakageuka wote wawili wakamtazama.

"Kwani ni huyu alikutengeneza?" Ndanu akauliza.

"Ni huyu. Na wewe?"

"Ni huyu."

"Spre yake ni feki."

"Hata mimi niliinusa nikashangaa. Na alituambia sote atatufanya warefu!"

Miezi yote ya uchumba, huo ulikuwa mkataba wao wa kwanza. Syombua alifungua kinywa kukumbusha habari ya maji, akaona nyuso zile mbili zilizopatana, akakifunga. Alitoka nje, akafungua vitambaa vya zambarau vilivyofungwa nyuma ya viti viwili, akarudi akawafunga vilemba vikubwa vinavyofanana.

Walipotokea wameshikana mikono, vilemba sambamba, mshereheshaji alipiga yowe kwenye kipaza sauti. "Tazameni! Tazameni umoja wa wakwe!" Watu wakashangilia. Mchungaji, ambaye hakukosa nafasi, alieleza kwamba kuvaa sawa ni ishara ya mioyo iliyofunguliwa na Bwana. Mungu alishukuriwa, kamati ilishukuriwa, waliopika walishukuriwa mara mbili. Janice peke yake, alipopita na gauni lake, alimnong'oneza Syombua, "Asante, auntie. Sijawahi kuona mamangu akicheka na huyu mama." Syombua akamwambia aende, asikanyage gauni.

Pilau ilikuwa imepoa. Aliila yote.

Kwaya nzima ya Ndanu ilimhama Syombua. Zilimfikia habari kwamba wakwe wale wawili wanaonekana Jumamosi wamekaa kiti na kiti kwenye saluni moja Ruiru, na kwamba hadithi ya spre inasimuliwa huko kwa sauti mbili. Muoki, mumewe, alimshauri aende akajieleze. "Nijieleze kwamba maji ni maji?" akamuuliza. Ilimuuma, hasa jioni akifagia, lakini hakwenda. Polepole wakaja wateja wengine, mabinti wa mtaa mpya, wasiojua kwaya wala Chania.

Kisha siku moja Ndanu akasimama mlangoni, amejifunga leso mpaka kwenye nyusi.

"Habari yako, mwanangu."

"Nzuri, mama. Karibu."

Akaingia, akaifungua leso. Dawa waliyompaka Ruiru ilikuwa imemchoma utosini, nywele zimekatika vipande vipande. Syombua alikigeuza kile kichwa kwenye mwanga, akakigusa taratibu kwa ncha za vidole.

"Zitasimama tena?" Ndanu akauliza, na sauti ile ya kwaya ilikuwa ndogo.

"Zitaota kwanza. Nitakuosha, nikupake mafuta. Uje kila wiki."

"Leo hii unaweza kuanza?"

Syombua akatazama benchi. Kulikuwa na mabinti wawili wanasubiri, na wa tatu alikuwa ameenda kununua mandazi.

"Naweza," akasema. "Keti hapo nyuma yao, mama. Wao walifika mbele yako."

Ndanu akaketi.