Unyoya wa Kuku na Kichaka cha Mama

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Nguo aliyoshona haikufumuka. Na kinyongo chake hivyo hivyo.

Mama mkwe aliwaachia mabinti zake wawili vichaka viwili vya maua meupe, vilivyosimama huku na huku mlangoni pake. Vilikuwa vikizaa mbegu nyekundu, ngumu, na kila mjukuu alitungiwa shanga kwa mbegu hizo. Mabinti waliishi nyumba jirani, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akahamishia kichaka chake upande wake, nyuki wakivuka watakavyo. Kisha wakagombania kitanda cha mama. Kitanda chenyewe cha chuma, ukigeuka kinapiga kelele. Mdogo akang'oa kichaka chake, akakipakia pamoja na vyombo, akahamia mji mwingine.

Tangu hapo kichaka cha Sindano kikatoa maua matupu. Alikiwekea samadi, akakimwagia majivu, akakitukana. Aliposikia kuwa maua husaidiwa kwa mkono, kila asubuhi akawa anapitisha unyoya wa kuku ua hadi ua. Nikamuuliza kama anayapaka wanja. Akaniambia mimi hata mchicha hunifia, ninyamaze. Hakutaka utani hapo: binti yake alikuwa mjamzito, na mjukuu wa kwanza lazima avae shanga za bibi.

Bwana shamba mmoja alikuja kupunguziwa suruali, akapasua ua kwa ukucha.

“Mama, hiki kijiti cha katikati ni kirefu. Kuna vichaka vya aina hii vyenye kijiti kifupi, na chavua ya hiki hukifaa kile tu. Hiki unakilisha unga wake mwenyewe, kinaukataa.”

Sindano akaendelea kupima kiuno. Alipoondoka mteja, nilimwambia aende kwa mdogo wake. Akasema ataenda, amalize kwanza sare za shule. Sare zikaisha, zikaja nguo za harusi. Mjukuu akazaliwa, shingo tupu. Siku tuliyopanda basi kwenda huko, tulikuwa tunakwenda kumzika huyo mdogo.

Uani kwa marehemu kichaka kilikuwa kimejaa maua, bila mbegu hata moja.

“Mama alikuwa akisema kimerithi hasira zako, mama mkubwa,” mpwa wake alisema. “Halafu anacheka. Chukua tawi.”

Sindano alilipakata tawi lile njia nzima, limefungwa kwa kitambaa kibichi. Akamwomba mpangaji wa nyumba ya zamani ya mdogo wake amruhusu alipande kule kule, nyuma ya ukuta.

Mbegu zilipatikana mtoto akiwa ameshaanza kukimbia. Sindano alizitunga mwenyewe, akakata uzi kwa meno, akamvisha. Kisha akageukia ukutani, akafungua mdomo kama anayetaka kumwita mtu aje aone. Akaufunga. Akaniuliza mimi kama shanga zimekaa sawa, na mimi nikamwambia zimekaa.