Kushoto na Mkono wa Kulia

Duka la Kushoto na langu limetenganishwa na mbao tu, tena mbao zenyewe zina nyufa. Mimi nashona viti vya pikipiki. Yeye anauza mikono, ile ya breki na ya klachi inayochomoza kwenye usukani. Akikohoa, mimi ndiye ninayempa pole. Kwa hiyo nikisema namfahamu, sijisifu.

Jina la Kushoto amepewa na waendesha pikipiki, na wana haki. Atakuuzia mikono yote miwili, lakini atakufungia wa kushoto peke yake, ule wa klachi. Wa kulia, wa breki, anaukunja kwenye gazeti na kukuonyesha kwa kidevu fundi wa ng'ambo ya barabara. Ukimuuliza sababu, anakwambia jicho lake la kulia ni vivu. Watu hucheka. Mimi sicheki, maana nilikuwepo siku aliyoufunga wa mwisho.

Ni miaka tisa sasa. Mdogo wake alikuja mchana kutaka mikono mifupi, myekundu, ile iliyopinda kuelekea usukani na kuvutwa kwa vidole viwili. Ilikuwa ndiyo kwanza imeingia, na yeye alikuwa mtu wa kupenda kupendeza. Hata soksi alizipiga pasi. Halafu alikuwa na vidole vifupi, na mikono iliyokuja na pikipiki ilimpa taabu kuifikia. Kushoto, aliyekuwa bado anaitwa Fundi kama mafundi wengine, alipofika kwenye mkono wa kulia aliuliza kama aache mchezo kidogo. Kwa mafundi, mchezo ni ile nafasi ndogo ambayo mkono husogea bure kabla breki haijaanza kushika.

"Kaka, kwenye breki mimi sitaki mchezo," mdogo wake akasema.

Tulicheka wote watatu, mimi nikiwa upande wangu wa mbao. Na Kushoto akamfanyia vilevile alivyosema. Mkono ule haukuwa orijino, na jino lake la ndani, lile linalosukuma pistoni ya breki, lilikuwa refu kuliko inavyotakiwa. Siku nyingine angelipiga tupa lipungue. Siku ile aliliacha, akaona hiyo ndiyo breki isiyo na mchezo.

Breki isiyo na mchezo haiachii. Inashika kidogo kidogo hata kama hujaigusa, inapata moto, na ikishapata moto inazidi kubana. Asubuhi iliyofuata gurudumu la mbele lilijifunga katikati ya mteremko wa barabara kuu, na nyuma yake kulikuwa na lori. Sina haja ya kuendelea.

Polisi wakaandika kwamba ni mwendo kasi. Familia ikaamini, Kushoto akanyamaza, nami nikanyamaza pamoja naye, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi kuliko makosa yangu mengine yote, nami ninayo ya kutosha.

Tangu hapo kuna sauti. Mkono wa breki ukivutwa na kuachiwa hutoa mlio mdogo, tk, kama mtu anayekata kucha. Nilikuwa nausikia upande wa pili wa mbao wakati hakuna mteja. Nilijua ni yeye: ule mkono mwekundu aliuchukua kwenye mabaki ya ajali, akauweka kwenye droo pamoja na kipande cha usukani, na kila siku aliutoa, akauvuta, akaurudisha. Sawa, kila mtu na majonzi yake. Ila asubuhi moja niliusikia, nikamsalimia, kimya. Nikatoka nimsute kwa kiburi chake. Mlango wake ulikuwa na kufuli, naye ndiyo kwanza anavuka barabara na chupa yake ya chai. Nilipomsimulia, hata hakushangaa.

"Mdogo wangu anaulizia breki yake," alisema tu, akafungua duka.

Mwezi uliopita akaja binti wa marehemu. Ni muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, na alikuwa amenunua pikipiki yake ya kwanza.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Unaendesha wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Shida ni mikono, siifikii. Si unavijua vidole vyetu."

Alivijua. Akamtolea kwanza mirefu ya kawaida, akamsifia ugumu wake. Binti akashika usukani na kunyoosha vidole; ncha tu ndizo zilizogusa. Akamtolea yenye kirekebishio cha kuisogeza karibu. Akakizungusha mpaka mwisho, bado vidole havikufika. Mikono mifupi ilikuwa inaning'inia ukutani nyuma yake, na nilimwona kwenye ufa jinsi alivyojitahidi asigeuke.

"Na ile pale?" binti akauliza.

"Ile siyo mizuri."

"Ina ubaya gani?"

Kushoto akaanza kuifuta ile mirefu kwa kitambaa.

"Basi, ngoja nikaangalie pale kona. Wanayo na wanafunga hapohapo."

Pale kona wanafunga chochote kinachoingia bolti. Hakuna anayetazama jino. Kushoto alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na nilimsikia akivuta kigoda na kupanda kuishusha. Akamfungia wa kushoto vizuri kabisa. Halafu akachukua gazeti.

"Na huu wa kulia?"

"Atakufungia fundi wa ng'ambo. Jicho langu hili..."

"Baba mkubwa, nataka mkono wako wewe. Tena uniangalizie sawasawa, maana kwenye breki mimi sitaki mchezo."

Nilisimamisha cherehani. Sauti ilikuwa ya kike, lakini maneno yalikuwa yaleyale, na mapozi yaleyale. Upande wa pili gazeti liliacha kuchakarika.

"Usiseme hivyo," Kushoto akasema. "Baba yako alisema hivyo hivyo, nami nikamsikiliza."

Akamweleza yote, jino, tupa, asubuhi ya pili yake. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alipomaliza nikazunguka nikaingia, kwa sababu nilikuwa na sehemu yangu. "Na mimi nilisikia," nikamwambia, "nikacheka."

Binti alikaa juu ya kreti, mikono mapajani. Nilitegemea atalia au atutukane, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Asubuhi ile pikipiki ilikuwa nzito kuisukuma kutoka uani," alisema. "Baba akasema breki inabana, apite kwanza kwa kaka yake. Mimi nilikuwa na mtihani. Nikamlilia kwamba nitachelewa. Akanipeleka shule. Alikuwa ndiyo anakuja huku."

Miaka tisa. Alikuwa na siri hiyo peke yake, katika nyumba ileile, bila kumwambia mtu.

"Kumbe tulikuwa wawili," Kushoto akasema.

"Watatu. Na yeye alijua inabana."

Sikuthubutu kusema wanne.

"Sijui kama nimekusamehe, baba mkubwa," binti akaendelea. "Na wewe usinisamehe kwa haraka. Nifungie."

Akalipiga jino tupa, akapima, akalipiga tena. Bolti ilimponyoka mara mbili, na mara zote mbili binti ndiye aliyemwokotea. Alipofika mwisho akauliza, bila kuinua uso, "Nikuachie mchezo kiasi gani?"

"Wa kutosha."

Aliacha upana wa punje ya mahindi. Kisha tukainua pikipiki, akalizungusha gurudumu la mbele kwa kiganja, tukasimama kulitazama. Lilizunguka muda mrefu, bila kukwaruza popote, mpaka likachoka lenyewe.

Kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika. Nilitunga uzi kwenye sindano, nikaketi kusikiliza, huku nikijiambia kwamba mambo yamekwisha. Duka la Kushoto lilikuwa bado na kufuli. Upande wa pili wa mbao mkono ulivutwa, ukaachiwa, tk.

Nilisikia hofu, sikatai. Lakini nilisogeza mdomo kwenye ufa, nikamjibu kwa sauti ya kawaida, kama ninavyowajibu wateja.

"Kaka yako kamwachia mchezo. Nimeona kwa macho yangu."