Vidonge Ndani ya Kopo la Ugoro

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Nilikuwemo ndani ya lori lile, tukitoka mnadani Karatu kupandisha Ngorongoro, nimekaa jirani kabisa na wenye kisa, na hakuna neno lililonipita.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari alimpekua mzee mmoja wa Kimasai, akakuta vidonge ndani ya kopo la ugoro.

"Mzee, dawa hizi umeiba wapi?"

"Nilipewa hospitali, afande. Cheti kililowa mvua."

"Za ugonjwa gani?"

Mzee akaangalia kandambili zake. Nyuma yake, wamepeana migongo kama heshima inavyotaka, alikuwa amekaa mama mkwe wake. Na mama mkwe hatajiwi maradhi ya mwili wa mkwewe, sembuse bawasiri.

"Usiposema unashuka, na dawa zinabaki hapa."

Mzee akachukua fimbo yake, akaanza kushuka.

Ndipo yule bibi alipojifunika shuka kichwani. "Mwulize tena, mwanangu," akamwambia askari. "Mimi ni kiziwi."

"Mbona umenisikia, bibi?"

"Uziwi wangu unaanza akijibu."

Askari akauma mdomo asicheke, akainama. Mzee akamnong'oneza sikioni, akarudishiwa kopo lake. Bibi hakufunua shuka mpaka lori lilipofika lango la hifadhi.

Nimesema nilisikia kila neno. Hiyo bawasiri nimeijaza mwenyewe. Mzee alipofungua mdomo, lori zima tulikuwa viziwi.