Seti Moja na Baba Mkwe

Mshenga wangu aliniagiza nishindwe, tena nishindwe kwa adabu, isije ikaonekana nimefanya makusudi. Alikuwa mjomba wangu, mkulima wa mahindi na ulezi kutoka Milepa, na tenisi hakuwahi kuiona mpaka Jumamosi ile. Lakini mambo ya posa aliyajua. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," aliniambia tukiwa juu ya bodaboda kutoka Mazwi, yeye katikati, mimi nyuma nimekumbatia raketi.

Barua ya posa ilikuwa imefika siku nyingi. Baba wa mchumba wangu, mtumishi wa serikali aliyekuja Sumbawanga kutoka Mbeya akiwa kijana na kuzeekea hapa kazini, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu amesikia kijana anacheza tenisi, basi aje wacheze seti moja, halafu wazee wataongea. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Tenisi nilijifunza chuoni, kwa kuwa kwenye timu ya mpira wa miguu hawakunitaka. Nilimpenda yule binti mpaka chakula kikawa hakipiti, na sasa ndoa yangu ilikuwa inategemea raketi ya kuazima. Nilimuuliza binti mwenyewe nifanyeje. Akasema, "Cheza," kisha akaendelea kusahihisha mitihani ya wanafunzi wake.

Wiki nzima nilitazama kwenye simu video za jinsi ya kushinda mechi. Makocha wote wa kwenye video walikubaliana kwamba mechi huchezwa kichwani kwanza. Sawa, sikatai. Ila hakuna aliyeeleza kichwa kifanye nini pale mpinzani wako ni mtu unayempa shikamoo, na unataka akupe mwanawe.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba za watumishi, udongo ulioshindiliwa na mistari ya chokaa. Wavu ulitoka Wampembe, kule ziwani, wavu wa kuvulia samaki uliochakaa, umefungwa kwenye miti miwili ya mkaratusi. Ulikuwa na viraka, na mahali pengine viraka navyo vilikuwa vimeachia. Upepo wa kipupwe ulikuwa unavuma kama kawaida yake, na mjomba alijikunyata kwenye benchi, koti amelifunga mpaka shingoni.

Nilianza kwa utiifu. Nilipiga mipira wavuni, nikapiga mingine nje, nikaomba samahani kila mara. Mzee akachukua gemu tatu za mwanzo. Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana aliona mambo yanakwenda kama tulivyopanga. Lakini mimi nilikuwa nikiutazama uso wa mzee, na uso ule ulizidi kununa kadiri alivyoshinda. Hakunisifu, hakunicheka, hakuniambia hata pole. Alikuwa akiokota mipira kama mtu anayefagia uwanja wa jirani.

Hapo nikakasirika. Sijui nilimkasirikia nani hasa, mjomba, mzee au mimi mwenyewe, ila hasira ile ilinisaidia. Nikajiambia posa nimeiacha pale kwenye benchi na mjomba, anishikie. Kila mpira ulipokwisha niligeuka nikatazama nyuzi za raketi, nikapumua, nikajiuliza swali moja tu: mpira unaofuata naupeleka wapi?

Na majibu yalikuwepo. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, mpira ukiupiga kwa nguvu unakimbilia kwenye kabichi za watu. Kwa hiyo upepo ukiwa mgongoni mwangu nilipunguza nguvu na kuuangusha mfupi. Upepo ukiwa usoni niliupiga juu, nikauacha upepo uurudishe ndani. Halafu niligundua mzee hapendi mpira wa juu upande wake wa kushoto. Nikaanza kumpelekea huko, mmoja baada ya mwingine, bila haraka na bila huruma.

Yeye naye hakuwa wa mchezo. Kila nilipopata pointi mbili mfululizo alisimama kufuta miwani na kuuliza mahindi ya Milepa yamekaukaje mwaka huu. Mjomba, heshima zake zote, akawa anajibu kwa kirefu, shamba kwa shamba. Mimi nilisimama nikitazama nyuzi zangu. Nilijua kabisa mzee anachofanya, na moyoni nilianza kumpenda.

Tukafika nikiongoza gemu tano kwa nne, na ndani ya gemu ya kumi tuko sare; pointi mbili mfululizo zingenipa seti. Mzee akapiga mpira wa chini, mkali, ukatua ndani ya mstari kabla sijausogelea. Akainua mkono kuonyesha pointi ni yake. Ila mimi nilikuwa nimeuona vizuri. Haukupita juu. Ulipita kwenye tundu la wavu.

Mjomba naye aliuona, maana alikohoa, kile kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa ameniambia heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kunyamaza kulikuwa rahisi na kulikuwa na adabu. Lakini niliona wazi kwamba nikinyamaza leo, nitanyamaza kila nitakapokaa naye meza moja, mpaka mmoja wetu azikwe.

"Samahani, baba," nilisema. "Mpira umepita katikati ya wavu."

Alitembea polepole hadi wavuni, akainama, akapapasa nyuzi mpaka akapata tundu, akaingiza mkono mzima ukatokea upande wangu. Akautazama mkono wake. "Kweli," alisema, akanipa pointi, akarudi nyuma ya mstari.

Mpira uliofuata niliupiga juu, upande wa kushoto. Akaupiga nao ukaenda kwenye kabichi, na seti ikawa yangu.

Mzee aliweka raketi chini, akaingia ndani. Mjomba hakunitazama. Nilimsikia akinung'unika Kifipa peke yake, na yaliyokuwemo humo siwezi kuyaandika. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitamwambiaje mchumba wangu, nikashindwa kupata hata sentensi ya kwanza.

Mzee alitoka na birika la chai na vikombe, vyote amebeba mwenyewe, akaja kukaa kwenye benchi, kati yangu na mjomba.

"Nastaafu mwaka huu," aliniambia. "Narudi Mbeya na mke wangu. Binti yangu anabaki huku, na mtu wa karibu atakuwa ni wewe tu. Nilitaka kuona ukiogopa unafanya nini."

Kisha akamgeukia mjomba, akamwambia waje wiki ijayo na wazee wengine kuzungumza mahari.

Machozi yakanitoka mbele ya wazee wawili bila hata kujificha. Nilimwambia ukweli, kwamba hata sasa hivi bado naogopa.

Alinimiminia chai, akasema, "Hata mimi, mwanangu."