Mama Sufuria na mstari wa endivi zisizofunikwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Sufuria anachuchumaa nyuma ya nyumba yake na kufunua sufuria moja baada ya nyingine. Zipo ishirini na tatu, zote zimepinduliwa juu ya udongo: zilizotoboka, zilizopoteza mikono, na moja ambayo ni dhahiri bado ingeweza kupikia. Chini ya kila sufuria kuna mche wa endivi, saladi chungu yenye majani membamba yaliyojikunja kama maranda ya seremala.

Anachomoa kitambaa kikavu kiunoni, anapangusa jani kwa jani, kisha anafunika tena. Siku sita kwa wiki mwanamke huyu hupiga pasi kwenye duka la dobi, na hata hapa bustanini vidole vyake vinanyoosha kila kitu kana kwamba ni kola ya shati la mteja mkorofi.

"Likibaki tone moja la maji, kesho unakuta uji," anasema. "Na unanuka, sikufichi."

Jina hilo alipewa na majirani. Mshona viatu anayekaa upande wa pili wa ukuta ndiye hodari wa utani. "Wenzake wanapanda mchicha, yeye kapanda sufuria," anapaza sauti akijua anasikika. "Mimi nasubiri avune mifuniko, aniuzie mmoja."

Mama Sufuria anacheka. Ni mara yake ya kwanza kucheka asubuhi hii, na haitatokea tena.

Sufuria zina kazi yake. Endivi ikipigwa na jua huzidi uchungu. Ikifunikwa siku kumi gizani, moyo wake hugeuka mweupe na uchungu unapungua, mtu anaweza kuila mbichi bila kukunja uso. Hizo huenda hotelini, miche kumi na minne kwa wiki, na kinachopatikana kinatosha maziwa na nauli ya kliniki.

Lakini kando ya ukuta kuna mstari mwingine, wa miche tisa, usio na sufuria hata moja. Majani yake ni ya kijani kilichoiva, karibu na weusi.

"Hizo ni za Mpishi," anasema, na sauti inashuka.

Mpishi ni mumewe. Kwa miaka ishirini na sita alisimamia jiko la hoteli hiyohiyo, na ndiye aliyeleta nyumbani mbegu za kwanza, zimefungwa kwenye bahasha. Alikuwa akionja mchuzi kwa ncha ya kijiko na kukwambia kuwa chumvi imetiwa mara mbili, na mikono tofauti. Wapishi vijana walimwogopa kwa sababu hiyo.

Hujafa hujaumbika. Mwaka jana aliota uvimbe kooni. Alichomwa mionzi mara thelathini na tatu, uvimbe ukaondoka, na ladha ikaondoka nao.

"Sukari ilitangulia," anasimulia mkewe. "Ikafuata chumvi. Akaniambia, mama, mkate huu ni kama kutafuna karatasi. Nikadhani anadeka. Kumbe mwenzangu anaisha."

Kutoka kilo sabini na nane, Mpishi alishuka hadi hamsini na moja. Alikuwa anakaa mezani kwa heshima, anapeleka kijiko mdomoni mara tatu, anashukuru, anasukuma sahani.

Kilichombakiza hai kilitokana na kosa. Wakati mumewe amelazwa, Mama Sufuria alimwagilia bustani usiku na kufunika miche papo hapo, ikiwa imelowa, ili awahi kazini asubuhi. Yote ikaoza. La kuvunda halina ubani, akaifukia. Ukabaki mche mmoja tu, ambao hakuufunika kwa kuwa sufuria zilimwishia.

Mpishi aliporuhusiwa kurudi, nyumbani hamkuwa na mboga nyingine. Mkewe akaukatakata mche ule na kuutia kwenye maharage.

"Akatafuna, akasimama. Akaniangalia, akasema, 'Chungu!' Nikaanza kumwomba radhi. Akasema, 'Usiniombe radhi. Nimesikia kitu.' Siku hiyo alimaliza sahani. Nilitoka nje nikalia kama mtoto."

Tangu hapo kila mlo wa nyumba hii una endivi ya jua: kwenye mayai, kwenye viazi, kwenye maharage. Anaitia dakika ya mwisho, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu mvuke mwingi huipunguzia uchungu. Mwanzoni majani mawili yalitosha. Baada ya mwezi ikahitajika konzi nzima. Sasa ni mche mzima kwa sahani moja, na mtu hahitaji kuwa daktari ili aelewe maana yake.

"Naona," anasema bila kuulizwa. "Naona, ila sitaki kuona."

Daktari aliwaambia kwamba ladha huenda ikarudi ndani ya mwaka, na huenda isirudi kabisa. Miezi kumi imeshapita.

Saa saba mchana, Mpishi anaketi mezani. Shati lake limepigwa pasi likanyooka, lakini shingo inaelea ndani ya kola. Mkewe anaweka maharage mbele yake. Ameyachuma majani mwenyewe kutoka kwenye mstari wa ukutani, mwandishi wa makala haya akiwa amesimama hapo hapo, na akachagua mche mkongwe kuliko yote.

Mpishi anatafuna kijiko cha kwanza. Anatafuna cha pili, polepole, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya mlango.

"Leo umefunika," anasema.

Mama Sufuria anabaki na upawa mkononi.

"Kidogo tu," anajibu. "Siku mbili hivi. Nilisahau kufunua."

Mpishi anachomoa jani moja kwa uma na kuligeuzia mwanga wa dirishani. Ni la kijani hadi kwenye shina. Mkewe anageuka kwenda kuleta maji, ingawa jagi limejaa mezani.

"Kaa, mama," Mpishi anamwambia. "Miaka ishirini na sita nafundisha watu kwamba iliyofunikwa unaijua kwa macho. Hili jani halijaona giza hata dakika moja."

"Najua."

"Basi mimi ndiye sijasikia kitu."

"Najua, baba."

Machozi yanamtoka Mama Sufuria na hayafuti. Nje mshona viatu anagonga msumari, anagonga tena. Halafu Mpishi anachukua kijiko na kuanza kula, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayebeba matofali kutoka hapa kwenda pale. Inamchukua dakika arobaini.

Jioni, Mama Sufuria anafungua tuta jipya kwa jembe dogo. Kutoka mbegu hadi sahani, endivi huchukua kama miezi miwili na nusu. Mwaka wa daktari umebakiza miezi miwili. Anasema hesabu hiyo ameifanya, na anajua inapitiliza kwa wiki mbili.

"Napanda hivyohivyo," anasema, akibana mbegu kwa ncha za vidole na kuzidondosha mfereji mzima. "Ladha inaweza kuchelewa njiani. Ikija, ikute chakula mezani."

Na isipokuja?

Anafukia mfereji, anaupigapiga kwa kiganja, anafika mwisho wa tuta kabla ya kujibu.

"Atakula bila ladha. Si umemwona leo? Leo amemaliza sahani."