Mbuzi wa Pembe Moja

Kazi yangu ni kuchora kuta. Ukisimama njiani pale Kikopey kula nyama, ukaona ukutani mbuzi anakuangalia kama mnajuana, kuna uwezekano huyo mbuzi ni wangu. Nilifundishwa na baba, ambaye naye alianza akiwa kijana kwa kuandika majina ya maduka hapa Nakuru, akaendelea mpaka mvi zikamjaa.

Baba alikuwa na sheria mbili, na alizirudia kama sala ya chakula. Ya kwanza, chora na bega. Kifundo cha mkono ni cha karani, alikuwa akisema, mstari wa mchoraji unatoka begani, ndiyo maana hautetemeki. Ya pili, rudi nyuma uone. Ukikaa umebandika pua kwa ukuta utampa ng'ombe miguu ya kuku. Kwa hivyo kila tukimaliza kipande, mmoja wetu alirudi kinyumenyume, akakunja uso na kutoa hukumu. Wapita njia walituona wehu kidogo, mzee na binti yake.

Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyoniangusha. Tulikuwa Kikopey kwa bucha ya mzee mmoja mteja wetu wa miaka, mimi nikiwa juu, baba ameshika ngazi. Nilikuwa nimemaliza pembe moja ya mbuzi, na ya pili nimeianza tu kwa chaki. Nikauliza bila kugeuka, "Baba, hii pembe imekaa sawa?" Baba akarudi nyuma kuangalia. Alifanya tu vile amefanya maisha yake yote. Sakafu ya mbele ya bucha unaijua, mafuta kila mahali, na ngazi haikungoja.

Niliangukia bega la kulia. Mfupa uliovunjika uliungana, lakini bega likagoma. Mkono unapanda mpaka usawa wa kifua, hapo unasimama kama punda aliyeona maji. Daktari akaniambia ngazi niisahau. Baba aliilaza ngazi nyuma ya jikoni, akaifunika gunia, na tangu siku hiyo akawa hapiti upande huo. Hata sufuria zikioshwa huko nyuma, aliomba mtu amletee.

Kisha akaanza kunishauri niende Kabazi kwa shangazi nikalime viazi. Mimi, viazi! Nilimjibu vibaya, nikaenda chumbani nikalia. Sikuwa nimechukia viazi. Niliogopa, basi. Tangu nikiwa na meno ya utoto kitu ninachojua ni kuchora, na kama mkono umekataa, sasa mimi ni nani?

Nikiwa kwa hali hiyo, mzee wa bucha akanipigia simu. "Mama, wateja wananicheka. Mbuzi wangu ana pembe moja mpaka leo." Alitaka sasa bango la kuprinti, kama majirani zake. Niletee mchoro wa kompyuta, akasema, ama vijana wa printi waninyakulie mbuzi kwa internet. Huyo mbuzi alikuwa ameshatumiwa kwa simu, akanirushia picha nione. Wueh! Mweupe, mnene, kengele shingoni, amesimama kwa theluji. Mbuzi wa theluji, Kikopey! Nikamwambia angoje, nitamletea wangu. Nilisema hivyo kwa hasira, sikuwa na hakika ya chochote.

Ndiyo nikajikuta ghorofani mjini, kwa kiduka cha vifaa vya kompyuta, natafuta kibao cha kuchorea. Ni kitu bapa, unakiunganisha kwa waya na kompyuta, unachora juu yake na kalamu yake, na mstari unatokea kwa skrini. Kompyuta nilikuwa nayo, ya dada yangu, nzee lakini inapumua. Msichana wa duka alikuwa anatafuna chingamu.

"Sema mathe. Ni ya mtoto wa shule?"

"Ni yangu. Na mathe ni nani hapa, mimi mama yako?"

"Pole, madam," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Kwanza akanionyesha kile chenye skrini yake, unachora palepale unapoangalia. Ai, kizuri! Nikauliza bei, nikakirudisha polepole kwa mikono miwili, kama mtoto wa watu. Akaleta kingine kisicho na skrini, kikubwa kama sinia ya chapati, kimetumika kidogo. Hapo moyo wangu ukadunda. Kikubwa! Bega linahitaji nafasi, si ndiyo nilivyofunzwa? Ningejikakamua nikilipie hicho, hata kama ningekula sukuma wiki tupu mwezi mzima. Kidogo alichokuwa nacho sandukuni, kama kitabu cha nyimbo za kanisa, sikukitazama hata.

"Nijaribu hiki kikubwa," nikasema.

Akakiunganisha na kompyuta ya duka. Nikaanza kwa kwato za mbuzi, nikapanda mguu, tumbo, shingo. Mstari ulitoka, na nilikuwa naona raha. Lakini kibao hicho kilitaka kalamu itembee mbali ndiyo mstari ufike juu ya skrini, na nilipofika kichwani mkono ukanyooka, bega likashika. Nikasukuma. Maumivu yakaniingia mpaka shingoni, kalamu ikaanguka. Pale kwa skrini mbuzi alikuwa amekamilika, isipokuwa pembe.

Nilikaa kwa stuli, macho yamejaa maji. Nikajiambia, basi, ndiyo imeisha, wacha niende kwa viazi vya shangazi.

Msichana akaacha kutafuna. Sijui alinihurumia ama hakutaka niondoke bila kununua. "Jaribu hii ndogo basi, kabla uende," akasema, akachomeka waya bila kungoja jibu.

Nilichora kwa uvivu, kiwiko kimelala mezani, kifundo tu ndicho kinacheza. Mbuzi wa kwanza alionekana kama ametoka kunywa busaa, kwa sababu macho yako juu na mkono uko chini, na hivyo viwili bado havijasalimiana. Nikafuta. Wa pili akasimama. Nikapanda mguu, tumbo, shingo, kichwa, nikangoja bega linishike. Halikunishika. Nikachora pembe, zote mbili, na mkono wangu ulikuwa haujasogea hata upana wa kiganja.

Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Miaka yote natukana kifundo cha karani, kumbe ndicho kilichobaki kunifaa! Na bei yake ilikuwa ya mtu kama mimi, nikabaki na ya chai na mandazi, nikamnunulia na yule msichana. "Asante mathe," akasema. Nikamwachilia.

Nyumbani baba alikigeuza kibao huku na huku. "Hiki ni cha kukatia vitunguu?"

"Ni cha kuchora, Baba. Na kifundo."

"Kifundo!" Akakirudisha mezani, akatoka nje. Hakutaka kuniangalia nikijaribu, nami nilijua anaogopa nisije nikashindwa mbele yake.

Nilifanya mazoezi kila asubuhi, na programu ya bure, mpaka herufi zikaacha kuyumba. Nilimchora mbuzi wetu wa hapa, wa rangi ya kahawia na baka la paji, masikio yamelala, amesimama kwa vumbi. Mzee wa bucha aliuona mchoro kwa simu yake, akatuma kwa printi siku hiyo hiyo.

Siku ya kuliona bango nilimlazimisha baba twende. Lilikuwa limening'inizwa juu ya mlango, mahali pale pale pa ukuta ule. Baba alilisogelea, akalamba kidole gumba, akasugua ukingo kuona kama rangi inatoka. Haikutoka. Kisha akaanza kurudi nyuma, nikaona amesimama ghafla katikati, uso umebadilika, anatazama juu, pale nilipokuwa nimesimama kwa ngazi siku ile.

"Baba, niko hapa," nikamwita. Nilikuwa chini, kando ya mlango, chupa ya soda mkononi.

Akaniangalia, akaangalia bega langu, akaniangalia tena. Halafu akaendelea kurudi nyuma, polepole, mpaka karibu na magari yaliyoegeshwa, akakunja uso vile vile kama zamani. Akajifuta macho na mkono wa koti.

"Ndiyo," akasema kwa sauti, ili nimsikie. "Hiyo pembe imekaa sawa."