Mama Vanishi aaga spiriti, mdogo wake alaumu jeni

Saa mbili asubuhi, Mama Vanishi ameinama juu ya mlango wa kabati, anausugua kwa msasa kana kwamba umemtukana. Karakana nzima inanuka spiriti ya kuchanganyia vanishi. Nje ya dirisha, mdogo wake wa kiume ameziba pua kwa ukosi wa shati.

"Shika msasa ufanye kazi!"

"Siwezi, dada. Jeni zangu zimeshtuka."

"Jana jeni, leo jeni! Mbona hazishtuki chakula kikiiva?"

Fundi huyu wa kung'arisha samani ndiye aliyemlea mdogo wake. Baba yao alikunywa mpaka akaiuza milango ya nyumba, na kijana akafuata nyayo. Sasa ana miezi kadhaa hajaonja.

Balaa, anasema dada mtu, lilianzia kliniki. Daktari aliwaeleza kwamba pombe ya miaka mingi huacha alama juu ya jeni, zile chembe za urithi mwilini. Jeni ni zilezile, ila nyingine huwashwa na nyingine huzimwa, na hiyo huenda ni sababu mojawapo ya hamu kumrudia mtu aliyeacha. Kama alama za baba humfikia mtoto, wataalamu bado wanachunguza.

"Bwana mkubwa kasikia nusu," analalamika. "Kachelewa kuamka, jeni. Kagombana na jirani, jeni. Daktari kasema alama, hakusema leseni!"

Lakini wiki iliyopita alimkuta ameshika kopo la spiriti, kifuniko wazi.

"Hiyo inapofua, inaua!" alifoka.

"Najua. Dada, nitoe mimi humu, au itoe hiyo."



Kabati hili ndilo la mwisho kupakwa vanishi ya spiriti. Amehamia ya maji, ambayo haing'ai sana, na wateja wananuna. Mmoja alilalamika kwamba haoni uso wake mezani.

"Nikamwambia, mama, hiyo ni ya kulia chakula. Uso katazame kwenye kioo."

Daktari anasema baadhi ya alama huenda zikafifia mtu akiendelea kuacha. Mama Vanishi ameshikilia hapo. Anataka siku moja amwachie mdogo wake karakana yote.

Kwa sasa anampitishia droo dirishani, aisugue hukohuko nje. Baada ya muda anaipokea, anaigeuza kwenye mwanga, anaguna.

"Umekwaruza kinyume cha nyuzi za mbao. Rudia. Hizi si jeni, huu ni uvivu wako mwenyewe."